Zege limefika juu, kazi imelala: ninunue au nisinunue?

SWALI: "Mtaalamu, salaam. Nimepata nafasi ya kununua fleti ghorofa ya saba, kwenye jengo lililotakiwa kukabidhiwa miaka miwili iliyopita. Zege limefika juu, kuta za matofali zimepanda karibu zote, ila kazi imelala. Anayeniuzia si kampuni. Ni mnunuzi wa mwanzo aliyechoka kungoja. Ameshalipa asilimia 60 ya bei, na anataka kuniachia nafasi yake kwa robo pungufu ya alicholipa. Zile asilimia 40 zilizobaki nitammalizia mwendelezaji mwenyewe, yaani kampuni inayojenga na kuuza fleti hizo. Ofisi ya mauzo inasema jengo limebaki 'kumaliziamalizia tu' na ndani ya miezi minane nitashika funguo. Nimekwenda, nimeliona jengo kwa macho yangu. Hii ni bahati au mtego?"

JIBU: Ndugu yangu, kwa bei hiyo na kwa hayo maelezo, mimi nisingenunua. Lakini jibu hilo pekee halitakufaa siku utakapoletewa jengo jingine la namna hii, kwa hiyo acha nikuoneshe nimelifikiaje. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi: napima kazi iliyofanyika, naihesabia thamani, kisha nasema imebaki kiasi gani na itagharimu nini. Nimeitwa mara nyingi kwenye majengo yaliyolala, na karibu kila mara nawakuta watu wazima, wenye akili zao, waliodanganywa na kitu kilekile kilichokuvutia wewe: zege.

Zege linadanganya kwa sababu ndilo linaloonekana kwa mbali. Sakafu inamwagwa juu ya sakafu, jengo linarefuka, mnunuzi anapiga picha na kuwatumia jamaa zake. Siku mifupa inapofika juu, macho yanasema robo tatu ya kazi imekwisha. Daftari linasema vingine. Katika jengo la fleti, msingi, nguzo, mihimili, sakafu na kuta kwa pamoja mara nyingi havifiki nusu ya gharama ya ujenzi. Bado kuna lifti, transfoma na nyaya, pampu na matangi, mabomba ya maji safi na maji taka, mfumo wa kuzima moto, madirisha na vioo, milango, vigae, makabati ya jikoni, masinki na vyoo, dari, rangi, halafu nje huko mitaro, maegesho na barabara ya kuingilia. Hivyo ndivyo vilivyofichwa ndani ya neno "kumaliziamalizia". Sijui neno jingine la ujenzi linalobeba fedha nyingi hivyo likiwa limevaa kandambili.

Na tazama nani anauza vitu hivyo. Mkandarasi wa zege anaweza kuvumilia miezi miwili mitatu bila kulipwa, kwa sababu ana mitambo yake pale na hataki kuihamisha. Kiwanda cha lifti hakikuvumilii hata siku moja: hutengenezewi kitu kabla hujaweka malipo ya awali, na mzigo hautoki kabla hujamaliza. Ndiyo maana miradi mingi hulala palepale, zege likishafika juu. Mwendelezaji amekuwa akijenga kwa fedha za wanunuzi na kwa subira ya mkandarasi, halafu anafika mahali ambapo subira haiuzwi. Huko Bangkok kuna jengo la fleti liitwalo Sathorn Unique, lenye ghorofa zaidi ya 40. Ujenzi ulianza mwaka 1990; mwaka 1997 mtikisiko wa fedha ulipoipiga Thailand, kazi ikasimama. Mifupa ilikuwa imeshafika juu. Zaidi ya miaka 20 baadaye mifupa ilikuwa bado imesimama vilevile, bila mkazi.

Niliwahi kuitwa na wanunuzi wa jengo moja lililolala ili niwapimie kazi iliyobaki. Walikuwa na barua ya mwendelezaji iliyosema limebaki kidogo tu. Tulipanda ghorofa kwa ghorofa siku tatu, na thamani ya kazi iliyokuwa imefanyika haikufika nusu, wakati wanunuzi wengi walikuwa wameshalipa zaidi ya nusu. Kabla ya jambo jingine lolote, kwa hiyo, linganisha asilimia iliyolipwa na asilimia iliyojengwa. Muuzaji wako amelipa 60. Kama kilichosimama pale ni 40 au 45, ile tofauti haipo kwenye jengo. Ipo mahali pengine, na kwa kawaida mahali hapo hakuna mtu atakayekutembeza.

Sasa tuhesabu. Namba hizi ni za mfano wangu, si za jengo lako. Bei ya kila fleti nimeiita 100 ili hesabu iwe nyepesi. Jengo lina fleti 80. Zimeuzwa 50, na kila mnunuzi amelipa 60, kwa hiyo mwendelezaji ameshapokea 3,000, na hazipo tena. Wanunuzi hao 50 bado wanadaiwa 40 kila mmoja, yaani 2,000. Hizo ndizo fedha pekee ambazo tunamjua mwenye kuzilipa. Upande wa pili kazi iliyobaki ni 3,500, mkandarasi anadai malimbikizo ya 600, na benki iliyoukopesha mradi inadai 1,500. Jumla 5,600. Fleti 30 ambazo hazijauzwa zingeleta 3,000, lakini nani ananunua kwa bei kamili kwenye jengo lililolala? Hata tukijipa moyo kwamba zote zimeuzwa, tena kwa bei kamili, zitapatikana 5,000 dhidi ya 5,600. Pengo la 600 ukiligawa kwa wanunuzi 50 ni 12 kila mmoja. Zikiuzwa 10 tu, pengo linafika 2,600, yaani 52 kwa kila mmoja.

Wewe umepewa punguzo la 15.

Benki inaweza kukubali kungoja hadi mwisho, na mkandarasi anaweza kukubali kulipwa kidogokidogo, pengo litapungua. Bei za vifaa zinaweza kupanda wakati kazi imelala, pengo litapanuka. Sikuletei mfano huu ili uamini 52. Nakuletea ili uone kwamba punguzo na pengo ni vitu viwili tofauti, na muuzaji amekuonesha kimoja tu. Wala pengo halitakuja kwako kama ankara. Litakuja kama miezi: minane inakuwa 18, unaendelea kulipa kodi ya nyumba unayokaa na riba ya mkopo wa nyumba usiyokaa. Litakuja kama lifti moja badala ya mbili, au bwawa la kuogelea lililogeuka maegesho, au barua yenye lugha tamu inayowaomba wanunuzi "mchango wa ukamilishaji".

Kwa hiyo, ukiitazama biashara hii ilivyo, hununui fleti. Unamkopesha mwendelezaji bila dhamana, na marejesho yake ni fleti ya baadaye. Ukishalikubali hilo, maswali yako yanabadilika. Unaacha kuuliza vigae ni vya rangi gani, unaanza kuuliza anachouliza mkopeshaji yeyote: zinahitajika ngapi kumaliza, ziko wapi, nani anazishika, na nani yuko mbele yangu kwenye foleni?

Tuanze na foleni. Wahenga wa sokoni walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Hapa mbuzi unamwona vizuri kabisa. Usichokiona ni kamba aliyofungwa nayo na mwenye kuishika. Kamba hiyo ni rehani. Miradi mingi ya fleti hujengwa kwa mkopo wa benki, na benki huandikisha rehani yake juu ya hati ya kiwanja kizima kabla fleti ya kwanza haijauzwa. Mradi ukianguka, benki inauza kiwanja na kila kilichosimama juu yake, inachukua chake, na wanunuzi wanabaki miongoni mwa wadai wasio na dhamana, pamoja na aliyekopesha saruji. Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya msajili. Usiridhike na nakala ya ofisi ya mauzo, hata iwe na mihuri mingapi. Ukikuta rehani, si lazima ukimbie, maana ni jambo la kawaida. Ila taka barua ya benki inayosema fleti yako, kwa namba yake, itaachiliwa kutoka kwenye rehani pindi bei yake itakapokamilika, na kwamba bei hiyo ilipwe kwenye akaunti gani. Nimewaona watu waliomaliza kulipa kila senti lakini wakakosa hati zao, kwa sababu walimlipa mwendelezaji na mwendelezaji hakuilipa benki. Benki haikuwa na kosa. Haikuwahi kuwaahidi kitu.

Kuna mambo mengine ya karatasi nitayapita haraka kwa sababu wakili wako atayashika vizuri kuliko mimi: kibali cha ujenzi kama bado kiko hai, kwani vibali vingi vina muda na kazi ikilala sana vinakufa, kama jengo limejengwa ghorofa zilezile zilizoidhinishwa, maana ghorofa mbili za ziada zinaweza kuzuia jengo zima kupata kibali cha kukaliwa, na kesi zilizoko mahakamani dhidi ya mwendelezaji au kampuni zake dada.

Jambo la karatasi ambalo sitalipita haraka ni lile la muuzaji wako. Yeye hana fleti ya kukuuzia. Ana mkataba, na anataka kukuachia nafasi yake ndani ya mkataba huo. Kwanza, mikataba mingi inakataza kuachiana nafasi bila idhini ya maandishi ya mwendelezaji, na idhini hiyo mara nyingi hutozwa ada. Ukimlipa muuzaji kabla ya idhini, umempa fedha na umepokea maneno. Pili, soma alichokitia saini ndani ya hii miaka miwili. Wanunuzi waliochoka huletewa karatasi za kuongeza muda, na ndani yake kuna mstari unaosema mnunuzi anasamehe fidia yote ya ucheleweshaji uliotangulia. Wewe utaurithi msamaha huo. Tatu, hakikisha zile asilimia 60 zimeingia kweli kwenye vitabu vya mwendelezaji. Taka taarifa ya akaunti iliyotiwa saini, si stakabadhi za mkono peke yake. Yako majengo ambayo fleti moja imeuzwa kwa watu wawili, na yule wa pili ndiye huwa na stakabadhi nzuri zaidi.

Halafu tazama jinsi mkataba unavyoitaja tarehe. "Inakadiriwa kukamilika" si tarehe. "Ndani ya miezi 24 tangu kuanza kwa ujenzi" si tarehe pia, kama hakuna mahali palipoandikwa ujenzi ulianza lini. Unachotafuta ni tarehe ya mwisho kabisa: siku ambayo, ikipita, una haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha zako pamoja na riba. Bila hiyo, ucheleweshaji haumgharimu mwendelezaji kitu. Hata ukiwa nayo, jiulize fedha za kukurudishia zitatoka wapi. Haki ya kurudishiwa na mtu asiye na kitu ni kipande cha karatasi; inakuwa haki yenye uzito pale tu fedha zako zinapokuwa zimeshikwa na mtu mwingine.

Nchi zilizoungua zimejifunza hilo, na sheria zao zinasomeka kama orodha ya majeraha. Ufaransa, anayeuza nyumba kabla haijajengwa haruhusiwi kukusanya zaidi ya asilimia 35 msingi unapokamilika, 70 jengo linapokuwa limeezekwa na halipitishi mvua, na 95 ujenzi unapokamilika. Zile 5 za mwisho hutolewa siku ya kukabidhiwa. Tena lazima awe na dhamana ya ukamilishaji kutoka benki au kampuni ya bima, ili yeye akianguka, mdhamini agharimie umaliziaji. India, sheria ya mwaka 2016 inataka asilimia 70 ya fedha za wanunuzi zikae kwenye akaunti ya mradi husika peke yake, na kuzitoa kunahitaji vyeti vya mhandisi, msanifu na mhasibu. Kabla ya hapo mchezo ulikuwa kuuza fleti za mradi wa tatu ili kununua kiwanja cha mradi wa nne. Mwaka 2018 India ikaenda mbele zaidi, ikawahesabu wanunuzi wa nyumba kuwa wadai wa kifedha kwenye ufilisi, wenye sauti mezani.

Usichukue hizi kama habari za ughaibuni. Zichukue kama kipimo. Kama sheria ya mahali lilipo jengo lako inatoa kinga za namna hii, ulizia zilitumikaje kwenye mradi huu: namba ya akaunti, jina la mdhamini, cheti cha mwisho cha mhandisi. Kama haitoi, basi kinga pekee utakayokuwa nayo ni ile utakayoiandika mwenyewe kwenye mkataba.

Neno moja kuhusu mkopo, kwa kuwa hukusema zile 40 utazipata wapi. Mkopo wako wa nyumba na mkataba wako na mwendelezaji ni vitu viwili visivyojuana. Jengo likilala, marejesho ya benki hayalali. China mwaka 2022 wanunuzi wa mradi mmoja wa kampuni ya Evergrande huko Jingdezhen waliandika barua kwamba wataacha kulipa mikopo yao kama kazi haitaanza tena, na hatua hiyo ikaenea kwenye mamia ya miradi katika miji mingi. Walikuwa wamekopa, benki ilishamlipa mwendelezaji, na wao walikuwa wakilipa kila mwezi nyumba isiyo na madirisha. Mahakama ya Hong Kong iliamuru Evergrande ifilisiwe Januari 2024. Iliwahi kuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nyumba nchini China, kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni kampuni kubwa, haiwezi kuanguka", mpe kiti, mpe maji, lakini usimpe fedha.

Turudi kwenye jengo lenyewe, maana hapa ndipo wengi hawafiki. Jengo lililolala halilali kama mtu aliyesinzia; linaugua. Ncha za nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo ndani ya zege hulisukuma hadi lipasuke. Maji ya mvua hujaa kwenye shimo la lifti na kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Mabomba ya kupitishia nyaya yaliyozikwa kwenye sakafu huziba kwa saruji na tope. Nyaya za shaba zilizokwisha kuvutwa, kama hakuna mlinzi anayelipwa, hufuata njia yake usiku. Kuna na lisiloonekana: bima ya ujenzi mara nyingi huwa na kifungu kinachoipunguza nguvu au kuisitisha kazi inapokuwa imesimama kwa muda fulani. Na dhamana za vifaa, kwa mfano kizuia maji cha paa, zinaweza kuwa zimeanza kuhesabiwa siku vilipofungwa. Utahamia ndani ya jengo ambalo dhamana zake zimekwisha kabla hujawasha taa.

Mkandarasi mpya anapoingia, jambo la kwanza analofanya ni kukataa kubeba dhambi za mwenzake. Ataandika wazi kwamba hahusiki na ubora wa zege alilolikuta. Miaka mitatu baadaye dari yako ikivuja, mmoja atasema ni sakafu ya yule wa kwanza, mwingine atasema ni vigae vya yule wa pili. Ndiyo maana kabla kazi haijaanza upya lazima mhandisi asiyelipwa na mwendelezaji achukue sampuli za zege, zikaminywe maabara, apime kutu ya nondo, na aandike ripoti inayosema jengo lilikuwa katika hali gani siku ile. Ulizia kama ripoti hiyo ipo. Ofisi ya mauzo itashangaa swali, mkandarasi hatashangaa.

Kuhusu ile miezi minane, nina kipimo changu kidogo ambacho hakijaniangusha bado. Uliza kama lifti zimeagizwa. Usikubali "ziko njiani". Omba kuona hati ya agizo na risiti ya malipo ya awali. Lifti hutengenezwa kwa vipimo vya jengo husika: kutengenezwa kwake, kusafirishwa, kufungwa na kukaguliwa ni kazi ya miezi mingi. Kama leo hazijaagizwa, hiyo minane imeshakufa, na aliyekutajia ama hajui ujenzi ama anajua vizuri sana. Ulizia na transfoma, maana mamlaka ya umeme nayo ina foleni yake.

Tena nenda pale siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila kuaga. Hesabu mafundi. Tazama wanafanya nini: watu watatu wakipaka rangi upande unaoelekea barabarani wanafanya kazi ya mauzo, na mafundi bomba wawili kwenye ghorofa ya tano wanafanya kazi ya ujenzi. Tazama rundo la mchanga kama limeota majani. Ongea na mlinzi. Muulize tu, kwa heshima, mshahara wa mwezi uliopita umeingia? Mlinzi asiyelipwa ni taarifa ya fedha ya kampuni, na haihitaji mkaguzi wa hesabu kuisoma.

Basi hakuna hali ambayo ningenunua? Ipo. Ningenunua kama ningeona makadirio ya kazi iliyobaki yaliyofanywa na mtu asiyelipwa na mwendelezaji, na fedha za kuimaliza ziko kwenye akaunti ya mradi au zimeahidiwa kwa maandishi na benki. Kama mkandarasi yuko pale na mkataba mpya wenye bei. Kama makubaliano yangu yangekuwa ya pande tatu, mimi, muuzaji na mwendelezaji, yakikiri 60 zimelipwa, na muuzaji alipwe nusu sasa na nusu kazi itakapofika hatua iliyotajwa. Zile 40 ningezitoa kwa vipande, kila kipande kwa cheti cha kazi iliyokwisha fanyika, kamwe si kwa tarehe ya kalenda, na 10 za mwisho zisingetoka hadi kibali cha kukaliwa na hati ya fleti yangu vimetoka. Na bei? Ningemwambia muuzaji pengo ninaloliona, na punguzo lisiwe chini ya hapo. Kama hesabu inaonesha 20, punguzo la 15 ni kuniomba mimi nimlipe ili yeye aondoke.

Angalizo la baada ya kukabidhiwa, maana watu hulisahau: jengo lililochelewa hufunguliwa likiwa nusu tupu. Lifti, ulinzi, pampu na taa za ngazi hugharimu karibu sawa, wakazi wawe 80 au 30. Fleti ambazo hazijauzwa ni za mwendelezaji, na mwendelezaji aliyeishiwa ndiye mtu wa mwisho kulipa ada ya huduma. Mkataba useme wazi kwamba analipia fleti zake tangu siku ya kwanza. Na usikubali kuhamia "kwa muda" kabla ya kibali cha kukaliwa, hata ukipewa miezi mitatu ya bure. Moto ukitokea, bima itauliza kwanza ulikuwa unaishi pale kwa kibali gani.

Hatua yako ya wiki hii ni barua kwa mwendelezaji, yenye maswali manne tu: cheti cha mwisho cha kazi iliyofanyika kilisema asilimia ngapi, deni la benki juu ya kiwanja ni kiasi gani, lifti zimeagizwa lini, na kuna fleti ngapi ambazo hazijauzwa. Mpe wiki mbili. Asipojibu kwa maandishi, umejibiwa.

Na kabla hujaituma, muulize muuzaji wako kama wanunuzi wana umoja wao. Kwenye jengo la miaka miwili ya kuchelewa, karibu kila mara upo, hata kama ni kundi la simu tu. India, tangu mwaka 2020, ufilisi wa mwendelezaji hauwezi kuanzishwa na mnunuzi mmoja mmoja. Wanatakiwa wafike 100, au asilimia 10 ya wanunuzi wa mradi huohuo. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, benki na makandarasi husikiliza kundi na kumwacha mtu mmoja nje ya mlango. Akikupa namba ya katibu wao, mpigie huyo kwanza. Muulize ni wangapi wanauza nafasi zao kama huyu wako. Kama ni wanane, bei uliyotajiwa si ya soko. Ni ya yule tu aliyekufikia kwanza.